Mama wa Kambo wa Dunia Nzima

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa nyumba yetu huku Pelengana, pale njia ya mchanga inapokutana na barabara ya kwenda Segou mjini. Ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, viti viwili vya kamba, na jiko dogo la waya lenye birika la bluu juu yake. Jiko ni la mama yangu wa kambo, ingawa ukiwauliza wanaume wa kijiweni watakuambia ni la kijiwe na limekuwapo siku zote. Wanakusanyika baada ya swala ya alasiri na kunywa chai ya kijani, bilauri tatu ndogo ndogo: ya kwanza chungu ya kukunja uso, ya pili ya wastani, ya tatu tamu. Hakuna anayeondoka kabla ya ile ya tatu, hata aitwe na mkewe, hata mvua ianze. Mimi nakaanga maandazi ya uwele pembeni yao, kwa hiyo nasikia kila kitu. Nimesikia serikali zikivunjwa na kuundwa, na mechi zikichezwa upya kwa mdomo mpaka timu iliyofungwa inaondoka na kombe.

Anayepika chai ni baba yangu, Zan Traore, mfumaji wa mablanketi. Asubuhi yuko kwenye mtambo wake wa kufumia, jioni yuko kwenye jiko, na jina lake la kijiweni ni Birika. Kulia kwake hukaa mzee Seriba Kone, aliyekuwa afisa wa forodha mpakani kabla ya kustaafu. Wanamwita Forodha, na mpaka leo akikutana na mtu aliyebeba mfuko, husalimia mfuko kwanza. Kisha yuko Drissa Keita, dereva wa malori, anayeitwa Abijani kwa sababu kila habari yake inaanzia njia ya Abijani. Na wakati wa likizo huongezeka Fuseni Coulibaly, kijana wa jirani anayesoma chuo kikuu Bamako. Bado hajamaliza, lakini kijiwe kimeshampa cheo. Ni Dokta.

Majina ya ukoo yana kazi yake hapo. Traore na Kone ni watani. Keita na Coulibaly ni watani. Diarra ni sawasawa na Kone, kwa hiyo naye ni mtani wa Traore. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya watu, na wewe ukinuna umeshindwa, unanunua sukari. Na akikuomba jambo kwa jina la utani, humnyimi. Ndiyo maana siku nzima wanaitana wala maharage na hakuna anayegombana.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano, na Ijumaa shule ilikuwa inafunga kuandikisha. Mimi niliachia darasa la tisa, kabla ya mtihani, bibi alipopooza na akahitajika mtu wa kukaa naye mchana. Baba alisema, "Utarudi mvua zikiisha." Mvua ziliisha. Baadaye bibi naye akafariki, Mungu amrehemu, na baba akasema tutaangalia mwakani. Mwaka huu mkuu wa shule alinikuta sokoni akaniambia nije na mzazi kabla ya Ijumaa hiyo, kwani mwakani umri wangu hautaruhusu tena kukaa darasa lile. Asubuhi nilimweleza baba akiwa kwenye mtambo. Alisikiliza vizuri kabisa. Akasema, "Tutaona, Sitan," akapitisha uzi.

Sasa, mtaa mzima unajua kwa nini niliacha shule: ni mama wa kambo. Nyele Diarra aliolewa na baba mvua za mwaka ule ule, mimi nikiwa nimeshakaa nyumbani na bibi tangu kiangazi. Nimewaeleza watu hivyo mara nyingi. Wananishika bega na kusema, "Mtoto mwema, unamfichia." Kadiri ninavyomtetea ndivyo wanavyozidi kuniona yatima wa kwenye hadithi, maana yule naye hamsemi mtu vibaya.

Siku hiyo Dokta alifika na uso mrefu. Forodha akamuuliza kama maharage ya mchana yalikuwa na mawe. Dokta akasema ni kazi ya chuo. Anasoma hadithi za nchi nyingi, anaziweka pamoja na kutafuta zinafanana wapi, na amechagua ile ya mtoto yatima anayetumwa na mama wa kambo kazi isiyowezekana. Hapa kwetu anapewa kibuyu kichafu akakioshe kwenye mto wa mbali ambao hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. Kwenye nchi za theluji anatolewa nje kwenye baridi akatafute matunda ambayo si msimu wake. China yupo. Kwa Waarabu yupo. Ulaya yupo jikoni, mweusi kwa majivu. Anatendewa mabaya, anakuwa na adabu kwa kikongwe au mnyama anayekutana naye njiani, na mwisho anarudi na mali.

— Sasa watu hawa hawajuani, alisema Dokta. Hawajawahi kula pamoja. Iweje wasimulie kitu kimoja?

— Hilo tu? alisema Forodha. Na serikali inakulipia masomo kwa ajili ya hilo?

Akajiweka sawa kwenye kiti. Alieleza kwamba amesimama mpakani tangu akiwa na nywele, na jambo moja analijua: kitu kikionekana pande mbili, basi kilivuka. Hadithi hiyo ni mali ya Segou. Ilitoka hapa ikapita mpakani bila kulipa ushuru. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaona watu wanavuka mikono mitupu, hawana hata kifuko, wanacheka peke yao. Alikuwa akiwapekua mpaka kwenye viatu na hakuti kitu. Sasa ndiyo anaelewa walikuwa wamebeba nini.

— Uliwaachia, alisema baba, akiangalia moto.

— Ningefanyaje, nimfungue mtu mdomo? Sheria ya mdomo haikuwapo.

— Kone huyo. Mpakani alikuwa amelala. Akiota sahani ya maharage.

Forodha alicheka. Si alikuwa ameambiwa na mtani.

Abijani alikuwa akisubiri zamu yake kama anavyosubiri kwenye kizuizi cha polisi, mguu unacheza. Alisema hadithi haivuki kwa miguu, inapanda lori. Yeye aliisimulia Bouake usiku mmoja gari lilipokufa. Aliporudi njia hiyo hiyo, mama ntilie mmoja akamsimulia yeye, kama kitu kipya, na nyoka wa mwisho wa hadithi, waliokuwa wawili, wamekuwa kapu zima. Kwa hiyo madereva ndio walioipeleka duniani. Kwenye theluji nako kuna madereva.

— Na China? Lori lako linaelea baharini? aliuliza Dokta.

— We Coulibaly, nyamaza. Kwenu huyo yatima alipewa sufuria ya maharage aoshe, na mpaka leo hajamaliza kwa sababu mnamuongezea.

Hapo baba alinyanyua birika juu na kumimina bilauri ya kwanza, mpaka povu likasimama. Baba anapomimina hakuna anayesema, si kwa heshima, ni kwa sababu wanaogopa atamwaga. Alipomaliza akachukua pakiti ya majani ya chai na kuigeuza. Alisema jibu wanalo mkononi kila jioni na hawalisomi. Chai inatoka China. Kwenye pakiti kuna picha: msichana, mto, na kitu ameshika. Watu wakikaa kwenye chai lazima wasimulie, hakuna chai ya kimya. Kwa hiyo Wachina wamekaa na majani hayo wakisimulia miaka elfu, majani yamenyonya, na sisi tunachemsha. Hadithi inatoka na mvuke.

Pakiti ilizunguka. Forodha aliishika mbali na macho, akasema alichoshika yule msichana ni mwamvuli. Baba akasema ni kibuyu. Abijani akasema kikiwa mwamvuli basi ni kibuyu kilichokwisha kuoshwa. Nami wakaniita nije nikate shauri. Nilifuta mikono yenye mafuta, nikatazama. Ulikuwa mwamvuli. Baba aliniangalia, nikasema inategemea na mwanga.

— Mnaona, alisema baba.

Lakini Abijani alikuwa hajamaliza. Aliinama mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya kijeshi. Alisema wote wanakosea kwa sababu wanafuata hadithi. Hadithi haijasafiri popote. Aliyesafiri ni mama wa kambo mwenyewe. Ni mwanamke mmoja, hafi, anaolewa na mjane huyu, akimaliza anakwenda kwa mjane mwingine. Leo yuko kwenye theluji, kesho yuko kwa Waarabu. Yeye amewahi kumbeba. Njia ya Sikasso, alfajiri, mwanamke mrefu, hana mzigo, akateremkia njia panda pasipo na kijiji. Mkononi alikuwa na kibuyu.

— Kichafu, aliongeza.

— Alilipa nauli? aliuliza Forodha.

— Hicho ndicho nilichoanza kujiuliza baadaye.

Walicheka mpaka Dokta mwenyewe akajifuta macho. Kisha uso wake ukarudi kuwa mrefu. Alisema wanaweza kucheka, lakini mwalimu wake amemwambia kwamba mama wa kambo amekwisha kuandikwa, yatima amekwisha kuandikwa, kikongwe wa njiani amekwisha kuandikwa. Aende nyumbani, akae na watu, atafute kitu kilichomo kwenye hadithi zote hizo na ambacho hakuna aliyekiangalia. Na kesho yake asubuhi alikuwa anapanda basi kurudi Bamako akiwa hana kitu.

Akanigeukia.

— Sitan, bibi yako alikuwa akiisimulia vizuri. Hebu.

Nilishusha karai kutoka motoni maana maandazi hayasubiri hadithi. Nilisimulia kama alivyosimulia bibi, kwa kifupi. Msichana mama yake alikufa. Baba akaoa tena. Siku moja msichana alisahau kuosha kibuyu kimoja, kimoja tu, na mama wa kambo akamwamsha kabla ya jogoo wa kwanza, akasema nenda ukakioshe kwenye mto wa mwisho. Akatoka peke yake kwenye giza. Akakutana na jiwe linalojipika, akalisalimia. Akakutana na kikongwe mwenye mguu mmoja, akamsugua mgongo ingawa mgongo ulikuwa na miiba. Akapewa mayai, akaambiwa ayavunje njiani, yakatoka ng'ombe na dhahabu na watu wa kumsindikiza. Mama wa kambo alipoona, akamtuma binti yake mwenyewe. Binti akalicheka jiwe, akamcheka kikongwe. Kwenye mayai yake wakatoka nyoka.

Nilipofika pale pa kuamshwa kabla ya jogoo, Abijani alikuwa ametikisa kichwa na kutupa jicho kwenye mlango wetu. Wote hutupa jicho pale wakifika sehemu hiyo. Nimezoea.

— Dokta, unahangaika kwenda mbali, alisema Abijani. Hadithi unayo hapa imekaa mbele yako inakaanga maandazi. Mtoto alikuwa na akili, darasani wa mbele. Mama akafa, akaja mwingine, shule basi. Nini tena unatafuta China?

Hakusema kwa ubaya. Abijani ndiye mteja wangu wa kwanza kila jioni na haombi nyongeza. Alisema akinionea huruma, na huruma ya namna hiyo huna pa kuipiga ngumi.

Nikasema yale ninayosema siku zote, kwamba niliacha kabla mama Nyele hajaja. Forodha akanitazama kwa upole.

— Mtoto mwema, alisema.

Nilimwangalia baba. Nilifikiri, leo atasema. Neno moja tu lingetosha, angesema "hapana" na kuendelea na chai yake. Baba alifunua kifuniko cha birika, akachungulia ndani kama mtu anayesoma, akafunika tena. Akaongeza kaa moja la moto.

Mlango wetu ni wa bati na ukuta wetu ni wa udongo, na Nyele alikuwa upande wa pili akichambua uwele. Alitoka akiwa na kitambaa mkononi.

— Nimekuja kuchukua jiko langu, alisema. Nataka kuinjika.

— Shemeji, bado bilauri ya pili, alisema Abijani. Na ya tatu.

— Basi nitasubiri ya pili.

Akakaa. Akakaa kwenye kiti cha basi, kati ya Forodha na Abijani, mahali ambapo sijawahi kumwona mwanamke amekaa. Forodha alisogea haraka mpaka akabaki na robo ya kiti. Nyele akakunja kitambaa chake magotini na kuuliza walikuwa wanasimuliana nini, maana alisikia China.

Dokta alikohoa. Alieleza tena, lakini safari hii kwa maneno ya chuo, marefu, yaliyozungukazunguka ili neno la mama wa kambo lisitokee mara nyingi. Nyele alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ni mtu wa kuuliza polepole. Hata sokoni, muuzaji akimwambia bei, huuliza kwanza mboga ilichumwa lini.

— Huko kote mama wa kambo yupo?

— Yupo, mama.

— Na kwenye theluji?

— Na kwenye theluji.

— Na mama mzazi?

— Amekufa. Kote amekufa, hadithi ikianza tu.

— Maskini. Na baba?

— Baba hajafa, alisema Dokta. Baba yupo.

— Yupo wapi?

Dokta alifungua mdomo. Nikamwona anapita kichwani mwake nchi moja baada ya nyingine, anafungua milango ya nyumba zote hizo, anachungulia.

— Yupo nyumbani, alisema mwishoni. Nyingi zinasema yupo tu nyumbani.

— Nyumba hiyo hiyo anayolala mtoto?

— Ndiyo.

— Mtoto anatolewa gizani na kibuyu, jogoo hajawika. Baba anafanya nini?

Forodha alijaribu kusaidia. Alisema huenda baba alikuwa kazini, kuna kazi za zamu, yeye mwenyewe alikesha mpakani mara nyingi. Nyele akamuuliza ni kazi gani. Forodha akamgeukia Dokta, Dokta akasema hadithi haisemi, karibu zote hazimpi kazi. Abijani akasema basi alikuwa mgonjwa.

— Dunia nzima? aliuliza Nyele.

Abijani aliangalia kiatu chake.

— Labda hakujua, alisema Dokta, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini.

— Kibuyu kimeondoka, mtoto kaondoka, hakuna aliyemletea maji ya kunawa asubuhi, na hakujua. Sawa. Na binti anaporudi na ng'ombe, baba anatokea?

— Hapo anatokea, alisema Dokta polepole. Kwenye sherehe huwa yupo.

Nilisahau karai langu chini. Mteja alikuja akasimama, akaona nyuso, akaondoka bila kununua.

Nyele hakuwa amekasirika. Naapa hakuwa amekasirika. Alikuwa na ule uso wa kuchambua uwele, kutenga punje na jiwe. Alimgeukia baba, na alipofungua mdomo alitumia sauti ya utani, ile ya kuvuta maneno ambayo akina Diarra huwatupia akina Traore kwenye harusi.

— Wewe Traore. Mtani wangu, mla maharage uliyenioa kwa bahati mbaya. Wewe ndiye mwenye pakiti ya China, umeisoma hadithi yote kwenye mvuke. Nakuuliza kama Diarra, sikuulizi kama mkeo. Huyo baba alikuwa wapi?

— Atakayenuna ananunua sukari, alisema Forodha kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu.

Birika lilianza kufurika. Chai ikamwagika kwenye makaa ikalia, na baba, ambaye sijawahi kumwona akiharibu chai, aliiacha ifurike. Kisha akaliondoa kwa mkono mtupu, akaliweka mchangani, akapuliza vidole vyake. Hakununa. Aliangalia bilauri tupu zilizopangwa kwenye sinia.

— Alikuwa hapa hapa, alisema. Anapika chai.

Pikipiki ilipita, vumbi likaja likatua juu yetu wote, na hakuna aliyelipunga.

— Sitan alikaa na mama yangu, aliendelea baba, na alikuwa akizungumza na birika. Ilikuwa kabla ya Nyele. Mimi ndiye niliyesema akae. Baadaye mama akafa, na mimi sikusema arudi. Watu walikuwa wamekwisha kupata wa kumsema. Nikaona... Ilikuwa rahisi.

Abijani alivua kofia yake. Sijui kwa nini alivua kofia. Akamtazama Nyele, akaivaa tena.

— Shemeji, alisema, na yule mwanamke wa njia ya Sikasso, nimekumbuka. Alikuwa muuza vibuyu.

Nyele alicheka kwanza, na wengine wakapata ruhusa. Hata baba mdomo ulimtikisika. Lakini Nyele hakuliacha jambo liondoke na kicheko, kama vile ambavyo huwa linaondoka kila siku kwenye kile kiti. Alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri.

— Naomba kitu kwa mtani wangu. Mbele ya watu hawa.

— Omba, alisema baba.

— Kesho asubuhi umpeleke Sitan shule, uende mwenyewe kwa mkuu. Hutamtuma mtu.

Niliona neno linapanda kooni mwa baba. Nalifahamu neno hilo, nimelala nalo na kuamka nalo.

— Tuta...

— Mimi Kone, alikatiza Forodha, na Kone na Diarra ni kitu kimoja. Naomba pamoja naye. Sasa umeombwa na wawili, Birika. Na mimi ninapekua. Kesho nitakaa hapa niangalie kama mmepita.

Baba alinitazama. Tangu asubuhi kwenye mtambo, tangu ile siku ya bibi, alikuwa akinitazama kidogo kwa pembeni. Safari hii alinitazama usoni.

— Kesho, alisema. Nimekubali.

Nyele aliinama, akashika jiko lake kwa kitambaa pande mbili, na makaa yake na majivu yake. Bilauri ya pili ilikuwa imemwagika nusu na ya tatu haijaanza. Abijani alinyoosha mkono kana kwamba anamzuia mtu asidondoke kisimani.

— Shemeji, ya tatu bado.

— Mtainywa ndani ya hadithi, alisema Nyele, akaingia na jiko lake, na mlango wa bati ukajifunga nyuma yake.

Walikaa kidogo wakiangalia duara jeusi lililobaki mchangani pale jiko lilipokuwa. Ikaonekana hakuna kilichobaki cha kusubiri. Wakainuka mmoja mmoja, wakajipangusa, na kijiwe kikavunjika bila bilauri ya tatu. Dokta aliondoka wa mwisho, anatembea polepole na midomo inacheza.

Asubuhi Nyele alinipa sketi yangu ya kaki ya shule. Nilijua imeshakuwa fupi, lakini nilipoivaa ilifika chini ya magoti. Pindo lilikuwa limeshushwa na kushonwa upya, na uzi wake ulikuwa umeshaanza kufifia kidogo, si wa jana. Nilitaka kusema kitu. Akasema nisimcheleweshe baba, akipata nafasi ya kukaa chini atapika chai.

Baba alivaa kanzu yake ya kitambaa cha bazini, ile ya Idi, iliyopigwa wanga mpaka inalia akitembea. Alitangulia mbele yangu. Forodha alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha basi peke yake, saa ambayo kijiwe hakina mtu, kofia yake ya zamani ya kazi kichwani. Tulipopita alinyanyua mkono kutusimamisha, akamkagua baba juu mpaka chini, akanikagua mimi na mfuko wangu.

— Hamna cha kulipia, alisema. Piteni.

Mbele kidogo tulimkuta Dokta na begi lake akisubiri gari la kumfikisha kwenye basi la Bamako. Alitusalimia mimi na baba kwa adabu, akauliza tumelalaje, akauliza habari za mablanketi, akauliza za chai. Baba akajibu yote bila kupunguza mwendo. Dokta akaanza kutembea pembeni yake, begi linampiga mguuni.

— Mzee Birika, ile ya jana, ya baba kuwa wapi. Naweza kuiandika?

Baba alitembea hatua chache, kanzu inalia.

— Andika, alisema. Ila useme ilitokea China.